Nimefumua Mkufu wa Mama Mkwe kwa Ajili ya Kofia ya Binti wa Kiyahudi

Hjulsta, 7 Mei 1987

Mama Teopista mpendwa,

Naomba msaada wako katika ukurasa wako wa ushauri gazetini, tena wa haraka, na uniwie radhi kwa mwandiko huu, kwa sababu vidole vitatu vya mkono wangu wa kulia vina majeraha ya waya, na kwa wiki tano sasa nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nifike nchi hii, furaha ya kuimba ndani ya tunnelbana, treni ya chini ya ardhi, mpaka watu wa Stockholm wananihama kiti, na katikati ya furaha hiyohiyo nimefanya jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mume wangu, tena yeye hasa.

Mimi ni Mkenya, naishi Hjulsta, pale reli ya bluu inapoishia, na huu ni mwaka wangu wa sita. Nilimfuata mume wangu Wanjohi, aliyekuja kusoma ufundi wa redio na kazi ikambakiza. Mimi nafanya kazi katika dagis moja, yaani chekechea, kule mjini, kufuta pua na kufunga kamba za viatu vya watoto wa watu, na siilaumu kazi, lakini nyumbani Nyeri nilikuwa mtu wa shanga. Mikanda, bangili, mataji ya maharusi ya waya na shanga, watu walikuwa wanatoka Karatina kunifuata, na hapa hakuna aliyewahi kuniuliza mikono yangu inajua nini, nami nikaacha kumwambia mtu.

Sasa Desemba iliyopita tulifanya sherehe ya Lucia, ile ya mishumaa na nyimbo kabla ya Krismasi, pale dagis, wazazi wakaalikwa, nami nikavaa mkufu wangu wa shanga. Nasema wangu lakini ni wa kina Wanjohi. Mama mkwe alivalishwa na mama mkwe wake, akanivalisha mimi siku ya arusi kwa mikono yake mwenyewe kwa kuwa Wanjohi ndiye kifungua mimba wake, nami nikijaliwa nitamvalisha mke wa mwanangu. Ni shanga za kioo za zamani, bluu nzito, ambayo ukiiweka dirishani unaona kuna bluu nyingine ndani yake. Akaja mama mmoja anaitwa Judit, ambaye mtoto wake mdogo tunamlea, akaushika ule mkufu kwa vidole viwili, taratibu, akaniuliza umetengenezwa na nani, nikamwambia ni wa mama mkwe ila uzi wake niliubadilisha mimi, na kwamba mimi ni fundi wa shanga na waya. Akaenda kumvisha mtoto koti.

Mwishoni mwa Machi akanijia na picha. Judit ni Myahudi, na binti yake mkubwa, Hanna, anatimiza miaka kumi na miwili, na kwao binti wa umri huo husimama siku ya Jumamosi mbele ya watu wao katika sinagogi na kuhesabiwa mtu mzima mbele ya Mungu. Wanaume wao huvaa kipa, ile kofia ndogo ya utosini, na sasa kuna akina mama wachache wanaosema hata sisi tufunike kichwa, lakini kwa kitu chetu, si kwa kofia ya kuazima kwa baba. Binamu yake aliyeko Amerika alimtumia picha ya kipa ya mwanamke iliyofumwa kwa waya na shanga. Judit akaniuliza, "Jerioth, za namna hii umeshawahi kutengeneza?"

Mama Teopista, nilikuwa sijawahi hata kuiona. Nikamjibu, "Javisst," yaani bila shaka, nyingi tu.

Akafurahi mpaka akanikumbatia, na Waswidi hawakumbatii ovyo. Akaniambia shanga na waya nichague mwenyewe, anayaamini macho yangu, ila iwe nyepesi, isishike kutu, na iwe na bluu kwa sababu Hanna anapenda bluu. Akaongeza kwamba ikimpendeza, kuna akina mama wengine wanne wenye mabinti wanaofuata, na kwamba siku yenyewe, Jumamosi tarehe ishirini na tatu Mei, nimealikwa nikae nao ili watu wakiuliza ni kazi ya nani aninyooshee kidole. Nilitoka pale nikapitwa na treni mbili nimesimama tu. Miaka sita, mama, na sasa kuna watu watauliza ni kazi ya nani.

Nikaenda duka la shanga kule Södermalm nikanunua bluu nzuri za kioo, ndogondogo, nikatoka nazo mbio bila hata kungoja mfuko. Waya nikachukua kwa Wanjohi, ile ya shaba anayoifungua kwenye mitambo mibovu ya redio. Nikaketi mezani jikoni siku yangu ya mapumziko, nikatengeneza pete ya utosini, nikatoa mbavu kumi na mbili kama za gurudumu la baiskeli, nikaanza kuzungusha safu za shanga, na ndipo nilipokwama, kwa sababu katika kazi hii kila shanga lazima waya ipite mara mbili, kwenda na kurudi, na zile shanga za dukani tundu lake lilipokea waya mara moja tu, ya pili likakataa. Nilijaribu jioni nzima. Nikainua macho nikauona mkufu umening'inia kwenye msumari wake.

Shanga za zamani matundu yake ni mapana, na zimeshalainika kwa kuvaliwa na wanawake watatu. Nilijiambia nitajaribu moja tu. Ikapita kwenda, ikapita kurudi, kama imepakwa mafuta. Sijui nikueleze vipi, sikuwa mtu mwenye akili mbaya saa ile, nilikuwa mtu mwenye furaha, na hiyo ndiyo inayonitisha. Nikakata uzi. Kwa siku nne nilifuma ile kofia, na nakuapia sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama hicho, Nyeri wala hapa, ukiiweka juu ya meza yenye jua inamwaga bluu mpaka ukutani. Shanga saba zilipasuka nilipozibana kwa koleo. Nimezificha kwenye kasha la kiberiti ndani ya unga wa mahindi.

Niliipima kichwani kwangu, ikakaa. Nikampelekea rafiki yangu Damalie, Mganda, anaishi Tensta, akaivaa, akacheza nayo kutoka jikoni hadi mlangoni na kurudi, haikusogea hata kidogo. Akasema, "Banange, Jerioth, hii imekaa kama nilizaliwa nayo." Nikaona kazi imekwisha. Jumatatu nikaipeleka dagis kimyakimya, nikamwomba Birgitta aijaribu wakati wa mapumziko. Birgitta ni Mswidi, nywele zake nyembamba na zimenyooka. Nikamvika, ikateleza. Nikamvika tena, ikamshukia usoni. Mara ya tatu aliinama kumchukua mtoto, ikaruka ikaangukia kwenye bakuli la uji. Ndipo nilipoelewa kwamba muda wote huo nilikuwa naifuma juu ya kichwa changu chenye mistari iliyosukwa na mafundo yake, na Damalie nywele zake ni kama zangu, zinaishika waya zenyewe. Hanna nimemwona, nywele zake zinaporomoka mgongoni kama maji. Hazitashika kitu.

Na bado sijakwambia la Wanjira. Huyo ni wifi yangu, dada yake Wanjohi, anakuja kututembelea, anafika Jumatano tarehe ishirini, siku tatu kabla ya shughuli, na mama mkwe ameandika kwenye barua kwa mkono wake, "Wanjira akifika, vaa mkufu akupige picha aniletee, macho yangu yamepungua lakini hiyo bluu nitaiona." Wanjohi alinisomea mwenyewe, akaangalia ule msumari mtupu, akauliza mkufu uko wapi, nikasema nimeuweka mahali pazuri. Alitabasamu. Ananiamini huyu mtu.

Sasa nishauri. Niibanebane ile kofia kwa koleo ipungue, nitie pini, nimpe Judit pamoja na hizo shanga za mama mkwe, nimwambie Wanjira mkufu uko kwa fundi, maana fundi ni mimi na hautakuwa uongo mzima? Au nimwambie Judit nimeshindwa, nirudishe mkufu uzini, nirudi kufuta pua kana kwamba sikuwahi kuulizwa? Nikiiangalia kofia moyo unaruka, nikiuangalia msumari unaanguka, na vyote viwili viko nyumba moja. Ukiichapisha barua hii, tafadhali badilisha majina.

Ni mimi,
Jerioth wa Hjulsta

*

Jerioth mwanangu,

Jibu hili nimekutumia kwa posta kwanza. Gazeti letu halitatoka mpaka mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi Wanjira atakuwa ameshakula ugali wako na kuuona ule msumari. Wasomaji wengine watalisoma likiwa limepoa. Majina nimebadilisha kama ulivyoomba, ila mkufu siwezi kuubadilisha, na kama kuna wawili wa namna hiyo reli ya bluu nzima basi mimi si Mganda.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka jirani yangu hapa Vårby gård akagonga ukuta, kwa ajili ya Birgitta na uji. Mara ya pili sikucheka. Nimefurahi na wewe kwanza, usidhani sikufurahi. Mtu akikaa miaka sita na mikono iliyonyamaza, siku ikianza kusema huwa inapiga kelele. Lakini kelele hizo zimekutoa akilini, kwa hiyo sasa keti, nikukaripie kidogo.

Wewe ni fundi au si fundi? Fundi gani anapima kofia kwa kichwa chake mwenyewe? Huyo Hanna yuko mjini hapohapo, mama yake unaonana naye kila asubuhi akikukabidhi mtoto, na katika wiki tano hukuona haja ya kumshika binti kichwa na kipande cha uzi. Najua kwa nini. Ulishasema "javisst," na aliyesema bila shaka anaona aibu kuuliza. Hayo nayafahamu, maana mimi kule Kampala nilikuwa mshonaji wa magauni ya maharusi, na kuna bibi arusi mmoja nilimkatia gauni kwa kiuno changu cha wakati ule, kwa sababu nilimwambia mama yake kwamba nikimtazama mtu mara moja nimeshampima. Msichana alikwenda kanisani na pini kumi na moja mgongoni, hakuweza kuketi ibada nzima. Mpaka leo nikisikia kinanda naziona zile pini.

Sasa mkufu. Unaniambia umevaliwa na wanawake watatu, na hapohapo unaufumua kwa sababu matundu ni mapana. Mwanangu, yale matundu hayakupanuka yenyewe, yamepanuliwa na shingo za watu. Ule mkufu umepewa uupitishe mbele. Ungekuwa wa kwako peke yako ningekwambia fumua, tengeneza kofia kumi, hongera. Lakini kuna bibi anangoja picha huko Nyeri na macho yaliyobaki, na kuna mke wa mwanao ambaye hata hajazaliwa pengine, na wote wawili hukuwauliza.

Halafu kuna jambo umeliandika mwenyewe kwa mkono wako wenye vidonda na hukuliona. Judit aliushika ule mkufu mwezi wa Desemba. Kwa vidole viwili, taratibu. Ulimwambia ni wa mama mkwe wako. Unadhani kilichomleta na picha yake ni nini, kufuta kwako pua? Aliiona ile bluu shingoni mwako na akakaa nayo kifuani miezi mitatu. Sasa umvike binti yake bluu hiyohiyo, nawe uingie sinagogi na shingo tupu, mbele ya mama mwenye macho yanayokumbuka. Ataitambua kabla hujakaa. Siku ambayo anapaswa kumtazama mwanawe, atakuwa anajiuliza amemnyang'anya mama gani. Hiyo si zawadi, Jerioth, huo ni mzigo umefungwa utepe.

Kwa hiyo sikiliza, na leo nitakutuma kazi.

Ile kofia kuteleza ndiyo bahati yako, na wewe unalia. Ingekaa vizuri kichwani kwa Birgitta, ungekuwa umeshaitoa na shanga zimekwenda. Kofia iliyofumwa juu ya mistari na mafundo imezidi vidole viwili kila upande, na hakuna koleo itakayoirudisha, ukiibana itapinda kama sufuria iliyoangushwa. Lazima ifumuliwe. Basi ifumue. Tandika taulo lililoloweshwa mezani ili shanga zisikimbie, kata waya vipande vifupi kwa mkasi, usiivute hata mara moja, kila shanga itoke yenyewe. Zitunge tena kwa uzi mpya. Pale palipokuwa na zile saba, acha pengo, funga fundo kila upande wa pengo, na usithubutu kuziba na za dukani. Uongo wa rangi huonekana zaidi kuliko pengo.

Ukimaliza, mwite Wanjohi. Usingoje chakula kiive wala timu yake ishinde. Toa kasha la kiberiti ndani ya unga, liweke mezani, mwambie ulivyofanya, kuanzia "javisst" hadi msumari. Mtu aliyetabasamu alipoambiwa mkufu uko mahali pazuri anastahili kuujua ukweli kabla ya dada yake, na Wanjira naye ajue kutoka kinywani mwako, siku hiyohiyo anayofika, akiwa bado na viatu vyake. Kwa mama mkwe utaandika mwenyewe. Usimwachie Wanjohi kuandika, wanaume huandika mistari miwili na kuuliza habari za ng'ombe.

Kesho yake asubuhi, Judit akimleta mtoto, mwambie hivi: "Sijawahi kutengeneza hata moja. Nilikudanganya kwa sababu nilitamani sana. Nipe Hanna kwa saa mbili." Usiongeze neno. Akikataa amekataa, lakini mimi nimekaa na Waswidi miaka kumi na mitatu, na mtu aliyekukumbatia bila ya kuwa Krismasi hakuachi kirahisi.

Mpeleke huyo binti dukani. Wewe ulinunua shanga ukasahau waya, ukanunua rangi ukasahau tundu. Anza na waya. Ile ya Wanjohi iache kwenye redio zake, imepakwa rangi ya kuzuia umeme, ukiikunja mara mbili inabanduka, na ncha zake kwenye jasho huwa kijani, utampaka mtoto wa watu kijani kwenye paji la uso. Ile nyeupe ya bei rahisi nayo iogope, huwa na nikeli, nusu ya wasichana wa nchi hii wakivaa nikeli wanawashwa mpaka shingoni. Chukua ya shaba iliyopakwa fedha, unene wa aina mbili: nene kwa ukingo na mbavu, nyembamba kabisa kwa kupitisha shanga. Ukishaishika mkononi ndipo uwaombe sahani ya shanga, na kila aina uipitishe waya mara mbili hapohapo kaunta, mwenye duka akikuangalia mwangalie na wewe. Zinazokubali kwenda na kurudi ziweke upande mmoja. Kati ya hizo tu, mwache Hanna achague. Pengine hatachagua bluu nzito kama ya Mama. Pengine atachagua bluu ya kitoto, na mbili tatu za rangi ya machungwa ambazo wewe usingezigusa. Usikunje uso. Kichwa ni chake.

Mpime kwa uzi akiwa na nywele zake kama zitakavyokuwa siku hiyo. Ndani ya ukingo shonea utepe mwembamba wa mahameli, mahameli hushika nywele laini ambazo waya haizishiki, na vitana viwili vidogo, kimoja mbele na kimoja nyuma. Kila ncha ya waya irudishe ndani ya shanga isimkwaruze. Mwambie mama yake nywele zioshwe Alhamisi, si Ijumaa, nywele zilizotoka kuoshwa huteleza mno. Iweke kwenye mizani ya jikoni, ikizidi uzito wa yai toa safu moja. Kisha mwambie Hanna ainame, aruke, afunge kamba za viatu vyake. Ikibaki, imekaa.

Na kazi iwe mikononi mwa Judit Alhamisi jioni. Usiniambie habari za Ijumaa. Pumziko lao la Sabato linaanza Ijumaa jua likizama, na jua la Mei hapa litakudanganya kwamba una siku nzima. Baada ya hapo kukunja waya ni kazi, na shanga ikichomoka Jumamosi asubuhi, katika nyumba ile hakuna atakayeshika koleo, na wewe usijipenyeze nayo kwenye mkoba ukidhani unasaidia.

Una siku kumi kutoka leo mpaka Alhamisi hiyo. Bibi arusi wangu nilimkosea nikiwa na mbili. Kwa hiyo usiniandikie tena habari ya kurudi kufuta pua kana kwamba hukuulizwa. Umeulizwa. Pua utafuta, na shanga utatunga, na wale akina mama wanne utawapima mabinti wao mmoja mmoja kwa uzi.

Jumamosi hiyo, mwombe Judit nafasi moja zaidi umchukue Wanjira. Muingie pamoja, na mkufu uwe shingoni kwako, na pengo lake mbele, wazi, usilisukume nyuma ya kola. Kaeni mahali mnapoona vizuri. Binti atapita katikati ya watu na kofia yake aliyoichagua mwenyewe, atainamisha kichwa asome, na haitasogea. Judit atageuka kukutafuta, na kabla hajakunyooshea kidole atatazama shingo yako aone ile bluu ipo mahali pake. Hapo ndipo wifi yako akunong'oneze akuulize tena pengo lile, nawe umwonyeshe kichwa cha yule mtoto, umwambie, "Zile saba ndizo karo niliyolipa."

Kisha, mkisharudi kwenu, maana pale siku ya Sabato hawapigi picha, nyosha shingo akupige picha nje, kwenye mwanga, Mama aione.

Teopista,
Vårby gård, 11 Mei 1987